Mkanda wa Kazini na Mkanda wa Nyumbani

Leo twataka kusema na akina baba waendeshao motokari, na akina mama wapandao pamoja nao; wala wanafunzi tusiwasahau.

Tumfikirie mfanyakazi mmoja wa machimbo ya shaba huku Katanga. Siku ya kazi, asubuhi mapema, anapanda motokari ya kampuni. Kabla ya kuwasha injini anafunga mkanda wa usalama, kwa maana amri ya kampuni ni kali, na asiyeitii hupewa barua ya onyo. Anafanya vema. Lakini Dominika yafika. Mtu yule yule anapanda motokari yake mwenyewe. Mke wake ameketi karibu naye akimpakata mtoto mchanga, na watoto wengine wamesimama nyuma, katikati ya viti. Wanashika barabara kubwa iendayo Likasi, pamoja na malori yaliyojaa madini. Mkanda uko wapi? Unaning'inia tu. Leo hakuna msimamizi wa kumwona.

Basi tuulize: baba huyu amejifunza kujihadhari na ajali, au amejifunza kumwogopa msimamizi tu? Siku ya kazi alijilinda yeye peke yake. Siku ya Dominika amebeba watu wote awapendao duniani, naye hakuwalinda.

Wengine hudhani mkanda ni desturi ya wakubwa. Sivyo. Motokari ikigonga kitu husimama ghafula, lakini watu waliomo hawasimami. Miili yao huendelea kwa mwendo ule ule, mpaka izuiwe na usukani, kioo au kiti cha mbele. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, pigo hilo ni kama la mtu aliyeanguka kutoka juu meta 10 hivi, ndiyo kusema juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Nani awezaye kujizuia kwa mikono? Na mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwa kitambo kile kidogo huvuta kama mzigo wa kilo 200 au zaidi. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini mikono yake haina nguvu hiyo.

Mkanda tunaoujua leo, upitao begani, kifuani na nyongani, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, na kampuni ya Volvo ikaanza kuutia katika motokari zake mwaka 1959. Kampuni hiyo iliwaachia watengenezaji wengine kuutumia pia, kwa faida ya watu wote. Mwaka 1970 jimbo la Victoria, katika Australia, lilitangulia ulimwenguni kuwaamuru watu waufunge. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba mkanda waweza kupunguza hata kwa nusu hatari ya kufa kwa wale wakaao mbele. Tena, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilionyesha kwamba ajali za barabarani huua watu 1.190.000 hivi kila mwaka, na kwamba hakuna jambo liualo zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hata 29.

Tunazijua sababu za kukataa. «Twaenda karibu tu.» Je, ajali huuliza unakoenda? «Nguo ya Dominika itakunjika.» Nguo hupigwa pasi tena. «Wa nyuma hana hatari.» Kumbe, asiyefungwa hutupwa mbele, na aweza kumwua baba yake aliyefunga vema. «Tuna rozari kwenye kioo, Mungu atatulinda.» Ndiyo, tusali kabla ya safari, lakini Mungu ndiye aliyetupa akili na mikono, na kufunga mkanda ni kazi ya mikono.

Sababu moja ni ngumu zaidi: «Mikanda ni mitano, na sisi ni wanane.» Hatuicheki, kwa maana jamaa zetu ni kubwa na mafuta ni ghali. Lakini mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Usiwafunge watoto wawili pamoja. Ikiwezekana, fanyeni safari mbili, au wengine wabaki mpaka siku nyingine. Mtoto mchanga afungwe katika kiti chake maalumu, nyuma. Mama mwenye mimba aupitishe mkanda chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa kifua upite katikati ya matiti. Na mikanda iliyofichwa chini ya viti, au iliyoharibika, baba aitoe na kuitengeneza.

Kwa wakubwa wa kazi twaomba jambo moja: mnapowafundisha wafanyakazi, waiteni na wake zao na watoto. Mfanyakazi aliyefiwa na mtoto njiani hatafanya kazi kama zamani.

Nanyi wanafunzi, mkimwona baba amesahau, mwambieni kwa heshima: «Baba, tafadhali, mkanda bado.» Baba mwenye busara hatakasirika.

Dominika ijayo, kabla ya kuwasha injini, kila baba ageuke nyuma na kuwahesabu watu wake, mmoja mmoja. Wote wakiisha kufungwa, na yeye pia, basi aondoke.