Montreal Canadiens: Vijana wanaiva, lakini nani atamsubiri Reinbacher?

Juni 2023, jijini Nashville, David Reinbacher aliitwa jukwaani. Kijana wa miaka 18, beki kutoka Austria, akavaa jezi nyekundu ya Montreal Canadiens, akapigwa picha na wakubwa. Kabla hata hajaizoea hiyo jezi, mitandao ilikuwa imemjaa matusi. Watu ambao hawajawahi kumwona akicheza hata dakika moja walimtukana kwa kosa moja tu: hakuwa Matvei Michkov.

Michkov ni straika Mrusi ambaye mashabiki wa Montreal walikuwa wameshamtengenezea jezi kichwani. Timu ilikuwa na nafasi ya tano ya kuchagua, ikampita, na Philadelphia wakamchukua kwa nambari saba. Msimu wa 2024-25, wa kwanza kwake ligini, Michkov akafunga mabao 26 na kumaliza na pointi 63. Reinbacher? Septemba 2024 aliumia goti kwenye mechi za kujipima nguvu, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje karibu msimu mzima.

Sasa unaelewa kwa nini ukitaja jina lake kwenye makundi ya mashabiki lazima vita vianze.

Kwanza tuelewane. Nikisema hoki, wengi wenu akili inakimbia City Park, magongo ya nyasi, na wale wazee wanaokukumbusha kuwa Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona. Wana haki ya kujisifu. Lakini mimi naongelea ile ya barafuni, ya viatu vya vyuma na kile kisahani cheusi kinachopita kama risasi. Ndiyo, kuna Mkenya anayeamka saa tisa usiku kuitazama. Huo ndio wakati mechi ya saa moja jioni ya Montreal inapoanza kwa saa za Nairobi, msimu wa baridi wa kwao. Na wala si mimi peke yangu: tuna Kenya Ice Lions, vijana waliojifunzia mchezo huu kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwa hivyo usinicheke.

Canadiens ndio Gor Mahia wa hoki. Klabu ya 1909, mataji 24 ya Stanley Cup, hakuna timu yenye mengi zaidi. Shida ni kwamba la mwisho walilichukua 1993. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Timu yenye historia hivyo na kiu hivyo huwa hatari sana kwa kijana mdogo, kwa sababu kila anayekuja anapimwa kwa kivuli cha marehemu na wastaafu.

Na ligi yenyewe, NHL, haina ile mambo ya Arsenal kumlea mtoto tangu akiwa na miaka minane. Huko kuna drafti. Kila mwaka timu 32 zinapanga foleni, zilizofanya vibaya zikipewa nafasi nzuri zaidi mbele, na kila moja inataja jina. Raundi saba. Wengi wanaotajwa wana miaka 18. Hebu fikiria ungepimwa hivyo ukiwa fomu four: urefu, uzito, kasi, mahojiano, kisha mbele ya kamera unaambiwa wewe ni wa sita au wa mia moja na sitini. Halafu hiyo nambari inakufuata maisha yote.

Nambari ya Lane Hutson ilikuwa 62.

Huyu ndiye hadithi tamu kuliko zote Montreal siku hizi. Mmarekani, beki, mfupi. Kwenye mchezo ambao mabeki hutakiwa kuwa majitu, yeye alikuwa na futi tano na inchi kama nane hivi. Kabla ya drafti ya 2022 alienda kwenye vipimo vya ligi akiwa amebeba barua ya daktari inayosema kuwa mifupa yake bado inakua. Barua ya daktari, bana! Kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Timu zikasoma, zikatabasamu, zikampita. Hata Montreal wenyewe walikuwa wameshataja majina mengine kabla ya kumkumbuka.

Kisha hawakumharakisha, na hili ndilo watu huruka wakisimulia. Walimwacha Boston University misimu miwili mizima. Akatawala huko, akajifunza kulinda mwili wake mdogo, akajua lini akimbie na lini apinde. Alipoingia ligini kikamilifu 2024-25 alicheza mechi zote 82, akatoa pasi 60 za mabao na kufunga sita mwenyewe. Pasi 60 ndiyo rekodi ya beki wa msimu wa kwanza, aliyoifikia sawa na Larry Murphy aliyeiweka 1980-81. Akabeba tuzo ya Calder, ya mchezaji mpya bora. Mchezaji wa mwisho wa Montreal kuishika kabla yake alikuwa kipa Ken Dryden, mwaka 1972. Oktoba 2025 klabu ikamfunga kwa kandarasi ya miaka minane, dola milioni 70.8. Bila shaka barua ya daktari iko mahali fulani kwenye fremu.

Ukitaka kujua kwa nini wanampa uhuru wa kuchezea kisahani hata karibu na goli lake, muangalie kocha. Martin St. Louis hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti. Hata nambari 200 hakupata. Naye mfupi. Akaishia kuwa mfungaji wa pointi nyingi zaidi ligini mara mbili, akashinda Stanley Cup na Tampa 2004, sasa yuko kwenye ukumbi wa magwiji. Montreal walipompa timu Februari 2022 alikuwa hajawahi kufundisha hata timu moja ya kulipwa. Alikuwa akiwafundisha watoto, wakiwemo wake. Watu walicheka. Mimi naona ndiyo ilikuwa akili. Mtu aliyeambiwa "wewe hapana" na ligi nzima hawezi kumtazama Hutson akaona sentimita.

Upande wa pili kuna Juraj Slafkovský. Wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2022, iliyofanyika Montreal kwenyewe. Wengi ukumbini walitarajia Shane Wright, Mkanada, lakini klabu ikamtaja Mslovakia huyu mwenye mwili wa mchezaji wa raga, aliyekuwa ametoka kuibeba nchi yake hadi shaba ya Olimpiki ya Beijing. Na wakamtia ligini papo hapo, na miaka yake 18.

Hapo mimi na klabu hatukubaliani hadi leo. Slafkovský alicheza mechi 39, pointi 10, kisha goti likamtoa Januari 2023. Alikuwa anapigwa kama gunia, hajui mwenzake yuko wapi, na kila usiku dakika zake ni chache. Angepelekwa Laval, timu yao ya pili iliyo hapo karibu tu na jiji. Hakuna sheria iliyowazuia, kwa sababu alitoka Ulaya. Vijana wanaotoka ligi za vijana za Kanada ndio hufungiwa mlango huo wakiwa bado wadogo. Wanaomtetea meneja mkuu Kent Hughes hukwambia, "Si aliiva? Msimu uliofuata alipata pointi 50!" Kweli, alizipata, na akasaini miaka minane kwa dola milioni 60.8. Lakini kijana kunusurika si ushahidi kuwa njia ilikuwa nzuri. Kuna mtu amewahi kuvuka Thika Road bila kutumia daraja la miguu akafika salama. Utampendekezea mdogo wako?

Na Montreal hawana udhuru, maana walishaona mambo haya. Jesperi Kotkaniemi, Mfini, wa tatu kwenye drafti ya 2018, naye aliingizwa akiwa na miaka 18. Leo juu, kesho chini, mara yuko Laval, mara yuko fainali, mara yuko benchi. Mwaka 2021 Carolina wakaweka mezani dola milioni 6.1 za mwaka mmoja, Montreal wakashindwa kulinganisha, kijana akaenda. (Kwenye ofa hiyo Carolina waliweka bonasi ya kusaini ya dola 20. Si milioni 20, dola 20. Ilikuwa kejeli tu, kwa sababu Montreal walikuwa wamejaribu kuwanyang'anya Sebastian Aho miaka miwili kabla, na Aho huvaa jezi nambari 20. Watu wazima hao.)

Ivan Demidov ndiye anayenifanya nisilale. Nambari tano, 2024, jina lake likasomwa na Céline Dion ndani ya ule ukumbi wa duara wa Las Vegas. Mrusi, kwa hivyo alibaki kwao msimu mmoja na SKA ya St. Petersburg, ambako kocha alimketisha benchi hadi mashabiki wa Montreal wakaanza kuhesabu sekunde. Kuna mechi alizovaa jezi akaishia kutazama kama mimi. Bado alimaliza na pointi 49, na hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyewahi kufika hapo katika ligi ile. Aprili 2025 akaruhusiwa kuondoka, akashuka Montreal, na kwenye mechi yake ya kwanza dhidi ya Chicago akatoa pasi ya bao na kufunga lake, yote kipindi cha kwanza. Siku mbili baadaye timu ikaingia mechi za mchujo kwa kushika nafasi ya mwisho kabisa. Washington wakawatoa kwa mechi 4-1, sawa, lakini kwa kikosi kichanga vile hiyo ilikuwa karo ya shule.

Hebu tuongee pesa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpango unaonekana. NHL ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2025-26 timu haiwezi kuvuka dola milioni 95.5. Nahodha Nick Suzuki analipwa 7.875 kwa mwaka, mfungaji Cole Caufield 7.85, Slafkovský 7.6, na Hutson atakuwa kwenye 8.85 kandarasi yake mpya ikianza. Jumla ni milioni 32 na kidogo kwa vijana wanne walio moyo wa timu, na wa kwanza kati yao kumaliza mkataba ni Suzuki, mwaka 2030. Hii ndiyo faida ya kumwamini kijana mapema: unamnunua kabla bei haijapanda. Ndiyo maana Juni 2025 waliweza kumleta beki Noah Dobson kutoka New York Islanders na kumpa 9.5 kwa mwaka. Walilipa nafasi mbili za raundi ya kwanza, ya 16 na ya 17, pamoja na Emil Heineman. Ghali, lakini Dobson mwenyewe alikuwa na miaka 25 tu.

Pengo ninaloliona ni katikati. Suzuki alipata pointi 89 msimu wa 2024-25, akitoka yeye unaanza kutafuta kwa tochi. Golini sina wasiwasi sana, kwa sababu Jacob Fowler, aliyechukuliwa wa 69 kwenye drafti ileile ya Reinbacher, anakuja taratibu kupitia Boston College kisha Laval. Makipa huiva kama maparachichi. Ukiwabonyeza kila siku kuangalia, unawaharibu.

Na mabeki nao hivyohivyo, jambo linalonirudisha kwa Reinbacher. Dobson akija na Hutson akibaki, nafasi ya Reinbacher imezidi kuwa nyembamba. Kuna wanaotaka auzwe sasa hivi, apatikane fowadi wa kati. Ninaelewa hesabu yao, lakini ni hesabu mbovu. Unamuuza akiwa bei ya chini kabisa, baada ya goti, kabla hajacheza msimu mmoja kamili Amerika Kaskazini. Alirudi Februari 2025, akacheza na Laval hadi nusu fainali ya ligi yao. Ni beki anayetumia mkono wa kulia, mrefu, mtulivu, asiye na mbwembwe. Aina ambayo huwa huioni hadi siku haipo. Oktoba 2025 ndiyo kwanza anatimiza miaka 21.

Miaka 21, wasee. Umri ambao mtaani unaambiwa kazi ya kuanzia inataka uzoefu wa miaka mitano. Mimi niliacha chuo nikiwa kwenye umri huo, na kila shangazi alikuwa na hukumu yake tayari, ikiwa na tarehe. Ndiyo maana pengine namtetea huyu Mwaustria kuliko takwimu zake zinavyoruhusu. Michkov ni mtamu, sibishi. Kwamba Montreal walipaswa kumchukua, hilo linaweza kuwa kweli. Lakini hilo ni deni la Hughes na maskauti wake, na mlipaji wake si Reinbacher.

Ningekuwa mimi, ningempa msimu mzima Laval, dakika 22 kila mechi, akae na mkali wa pembeni anayejua kupanda mbele, asiitwe juu eti kwa sababu mtu mmoja ameumia wiki mbili. Kisha kambi ya Septemba 2026 apambane na yeyote aliyepo. Kabla ya hapo, anayetaka kumpima aangalie kitu kimoja tu: akigeuka kurudi nyuma kwa kasi, analiamini lile goti au analibembeleza?