Kishindo Tunacho, Sauti Hatuna

Mtu aliyepata kuishi Busia au Malaba, huku upande wa Kenya, hahitaji kufafanuliwa maana ya kelele. Malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda hunguruma usiku na mchana, wachuuzi wa pande zote mbili hunadi bidhaa zao, na juu ya hayo yote spika za madukani, za mikutano ya injili na za disko matanga hushindana kama majogoo. Katika mashindano hayo hakuna anayejali swali moja jepesi: je, maneno yanasikika? La kusikitisha zaidi ni kwamba shule zetu, ambazo ndizo zingetarajiwa kuliuliza, nazo zimejitosa mashindanoni.

Siku ya wazazi shule hukodi masanduku marefu yenye taa za rangi, na fundi wa mitambo hufungulia besi mpaka mabati ya bwalo yatetemeke. Mgeni wa heshima anapoanza kuhutubia, walioketi mbele huziba masikio, nao walioketi pembeni huulizana amesema nini. Baadaye mwalimu mkuu hutoa shukrani kwa ujumbe mzito, na watu humpigia makofi bila ya kuwa na hakika ujumbe wenyewe ulikuwa upi. Pesa za kukodi zimekwisha lipwa. Muhula ujao zitalipwa tena.

Rai yangu ni kwamba shule za sekondari za mpakani zijijengee spika zao wenyewe: jozi moja ya spika kubwa za njia mbili, kwa kielelezo cha zile zilizotumika katika studio za zamani za kurekodi muziki. Tena zisizijenge peke yao. Zimwalike seremala na fundi wa redio wa mjini, na wanafunzi wa fizikia wawe wasaidizi wao.

Pengine msomaji atauliza kwa nini za zamani, hali madukani zimejaa mpya. Spika ya studio haikubuniwa kumfurahisha mtu. Mhandisi anayerekodi alihitaji kusikia kosa: mwimbaji aliyemeza silabi, gitaa la pili lililopotea nyuma ya ngoma, mkwaruzo wa maikrofoni. Ilikuwa kama kalamu nyekundu ya mwalimu. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya Altec Lansing ya Marekani ilitoa spika iliyoitwa 604, yenye koni ya inchi 15 na pembe ndogo iliyokaa katikati ya koni hiyo. Waingereza wa Tannoy nao wakatoa yao ya namna hiyo mwaka 1947. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya muziki uliopendwa duniani ilipimwa kwa masikio yaliyoelekezwa kwenye spika za jamii hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya JBL ikaleta ile iliyoitwa 4430, ambamo pembe pana iliwekwa juu ya koni ya inchi 15, na kazi ikagawanywa baina yao kwenye hezi 1,000. Huo ndio mfano ninaoupendekeza, maana hauhitaji kuunganisha vitu viwili katika kimoja, kazi ambayo karakana zetu haziiwezi.

Idadi hiyo ya hezi 1,000 haikuokotwa njiani, na hapa ndipo somo lilipo. Sauti husafiri katika hewa yetu ya joto kwa mwendo wa mita 345 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 1,000, na urefu wa wimbi ni sentimita 34 na nusu. Koni ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38. Maadamu wimbi ni refu kuliko koni, sauti husambaa pande zote. Wimbi likiwa fupi kuliko koni, sauti hukusanyika mbele kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo aliyeketi ubavuni mwa koni kubwa inayolazimishwa kuimba kila kitu hupata irabu tu, ilhali konsonanti zimempita. Sauti za s, f, t na k hukaa zaidi katika hezi 2,000 na kuendelea. Mwalimu wa Kiswahili na aseme kwa spika kama hiyo “pata”, “kata” na “sasa”, kisha awaulize walio pembeni wamesikia neno gani. Lugha yetu, yenye maneno mengi yanayotofautiana kwa konsonanti moja, huumizwa sana na spika mbovu.

Ndiyo sababu ya njia mbili. Koni hufanya kazi ya chini, kisha inapokaribia kuwa tochi humwachia mwenzake, yaani pembe, ambayo umbo lake huamua upana wa kusambaa kwa sauti. Ufundi wa wale wazee ulikuwa kuhakikisha kwamba mahali pa kukabidhiana koni na pembe zina upana uleule wa kusambaa, hata msikilizaji asigundue kwamba mmoja amenyamaza na mwingine ameanza.

Mgawaji wa kazi huitwa krosova. Humo mna koili na kapasita, vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa sekondari huvichora daftarini pasipo kuambiwa vinafanya nini katika maisha ya watu. Koili huzuia mawimbi ya juu yasifike kwenye koni. Kapasita huzuia ya chini yasifike kwenye pembe, ambayo yangeivunja. Kwa mzigo wa omu 8 na mpaka wa hezi 1,000, hesabu ya darasani hutoa kapasita ya mikrofaradi 20 na koili ya milihenri 1.3 hivi. Ningependa kuona uso wa mwanafunzi anapokokotoa idadi hiyo kisha akaisikia. Katika spika halisi mafundi huweka koili na kapasita katika kila upande ili mpaka uwe mkali zaidi, na thamani hubadilika. Lakini ngazi hupandwa kuanzia chini. Huongezwa pia vipinga vya kuipunguza pembe, ambayo kwa kawaida huwa na nguvu kuliko koni. Mtu akiviacha vipinga hivyo hupata ule mlio wa kukata kama wembe ambao sote tunaufahamu.

Na sanduku je? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, wakikusudia kumsuta mpayukaji. Mwanafizikia hulichukua neno hilo kwa maana yake ya wazi. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa, hewa ya shingoni huchezacheza juu ya hewa ya tumboni kama uzito juu ya springi; Helmholtz wa Ujerumani alilieleza hilo katika karne ya 19, na mwaka 1932 Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, akapewa hataza ya kulitumia katika spika. Tundu la sanduku hutwaa sauti ya mgongo wa koni, ambayo vinginevyo ingepotea, na kuitoa nje ikiisaidia ile ya mbele. Chukua sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 85 kwa 60 kwa 40, yaani lita 204. Litie mabomba mawili ya plastiki ya maji taka ya inchi 4, yenye urefu wa sentimita 12 kila moja, nalo litavuma karibu na hezi 35. Bomba hilo linauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Ukilirefusha, mvumo hushuka, ukilikata, hupanda. Kuna mwalimu atakayekosa kuona kwamba hilo ni jaribio zima la maabara?

Kosa la masanduku mengi tunayoyaona ni kwamba fundi amenakili sura ya sanduku la mwenzake, huku koni aliyoitia ni tofauti. Kila koni ina tabia yake. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za kuoanisha koni na sanduku, na Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970. Kabla yao hata wakubwa wa Marekani walikuwa wakibahatisha kwa kiasi fulani. Siku hizi vipimo anavyovitaka Thiele hupatikana kwa simu inayotoa mlio wa hezi maalumu, amplifaya ndogo, kipinga kimoja na mita ya umeme. Kazi ya alasiri moja.

Seremala wa mpakani analijua jambo ambalo mwalimu halijui: jinsi ya kuunganisha plaiwudi ya milimita 18 hata isiachie hewa, jinsi ya kutia mataruma ya ndani ili ubao usiimbe wimbo wake wenyewe, gundi ipi hustahimili joto la huku na ipi huachia. Fundi wa redio anajua kusuka upya koili iliyoungua, kazi ya subira isiyofundishwa katika kitabu chochote cha shule. Ni watu waliokwisha jifunza kwa kuunguza. Mwalimu naye ana hesabu ambazo zingewapunguzia kuunguza. Pande hizi mbili hupitana barabarani kila siku bila ya kuulizana hali ya kazi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 ulituahidi kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Lakini kutenda kwingi nilikokuona ni kukata makaratasi ya rangi na kuyabandika ukutani.

Sijifanyi kwamba kazi ni rahisi. Kiini cha pembe, yaani ile sumaku na utando wake mwembamba, hakitengenezwi hapa. Lazima kinunuliwe, na ndicho kitakachogharimu zaidi. Pembe yenyewe yaweza kuchongwa kwa mbao. Sanduku likikamilika litahitaji watu wawili kulibeba, na mwalimu wa michezo atalalamika. Wapo pia watakaosema kwamba spika ya kisasa ya plastiki, yenye amplifaya ndani yake, ni nyepesi na ya bei nafuu. Ni kweli, na baadhi yake ni nzuri. Ila ikiharibika hakuna mtoto shuleni anayejua kilichomo.

Kuna na hili la wati, ambalo limetupumbaza. Kijana humsifu mwenye mtambo kwa wati elfu kana kwamba anataja ng’ombe. Spika kubwa ya aina ninayoieleza, ikipewa wati moja tu, yaweza kutoa desibeli 96 hivi kwa umbali wa mita moja. Uwanjani sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka mita 1 hadi 2, 4, 8 na 16 ni mara nne, yaani desibeli 24. Zinabaki 72 kwa mwanafunzi wa safu ya nyuma, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wati moja! Mpe wati 10 na bado atasalia na akiba ya kumshinda mpita njia mwenye honi. Hizo elfu zinatafutwa kwa sababu sauti ni chafu, na mwenye mtambo hudhani uchafu huondolewa kwa kuongeza.

Na masikio hayana duka. Kipimo kinachotumiwa na wengi kuwalinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hugawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Mtoto anayekesha kwenye disko matanga karibu na spika huumaliza kabla kaburi halijaanza kuchimbwa. Wakuu wa utawala katika magharibi ya Kenya wamekuwa wakipiga marufuku sherehe hizo mara kwa mara, aghalabu kwa kuhofia usalama wa wasichana, nami naafiki. Lakini marufuku haimfundishi mtoto kutofautisha sauti nzuri na mbaya.

Tuna muziki wa kujifunzia tofauti hiyo. Daudi Kabaka, mwana wa magharibi, alirekodi katika studio ya Equator mjini Nairobi miaka ya 1960, na wimbo wake Helule Helule ukaimbwa upya na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Pigeni rekodi za enzi hiyo katika spika za madukani petu: mtasikia besi iliyoongezwa ambayo haikuwamo na mtakosa gitaa lililokuwamo. Pigeni pia adeudeu, kinanda cha nyuzi cha Wateso, ambacho sauti yake ni ya upole. Chombo kama hicho hakina mtetezi katika mashindano ya vishindo, na kijana aliyekisikia kupitia masanduku hayo tu ataamini kwamba wazee wake hawakuwa na muziki.

Kwa shule itakayojaribu, napendekeza njia ya kupima ambayo haihitaji chombo chochote cha maabara. Mwalimu wa Kiswahili aandike maneno 50 yanayokaribiana: pata, kata, taka, shaka, chaka, saka, paka, faka na mengineyo, hata yasiyo na maana. Ayasome uwanjani kupitia spika ya kukodi, wanafunzi wakiwa wametawanywa mbele, nyuma na pembeni, kila mmoja akiandika alichosikia. Siku ya pili ayasome kwa mpangilio mwingine kupitia spika iliyojengwa. Karatasi zisahihishwe na darasa jingine lisilojua zipi ni za siku gani, na fundi na seremala wakaribishwe kuketi humo wakati makosa yanapohesabiwa.