Hiyo kadi si skrepu!

Jamani, nimechoka! Kuanzia hapa Gakindu hadi Nyeri mjini, kompyuta kuukuu ikifa, mwenyewe anaipimisha kwa kilo pamoja na sufuria mbovu. Ukiuliza kadi ya grafiki iko wapi, unachekwa: "Ya nini, na siku hizi kuna programu za kuiga kila kitu?"

Haya, programu hizo ziliandikwa vipi? Chukua Voodoo ya 3dfx ya mwaka 1996. Memori megabaiti 4, kazi yake michoro ya 3D pekee; ile ya kawaida ilipitishiwa waya kutoka kadi nyingine. Michezo yake mingi iliongea Glide, lugha ambayo kadi za wengine hazikuielewa. Desemba 2000, 3dfx ilikubali kuiuzia NVIDIA mali zake, na Glide ikabaki yatima. Anayeiga lazima alinganishe na kadi halisi. Zikiisha, atalinganisha na nini, picha?

Na msiniambie habari za dhahabu. Ni utando tu kwenye meno ya kadi! Itoe, ifunge vizuri, iweke pakavu, na diski ya draiva usiitupe.

Iliyoungua kabisa ipeleke kwa warejelezaji. Lehemu ya enzi zile ina risasi, na kuichoma jaani ni kuwalisha majirani sumu.