Mizinga ya Salale na Jina la Jackie Morkel

Wapenzi wa raga nchini Afrika Kusini wanalijua jina la Jackie Morkel. Sisi wa Tanzania hatulijui, ingawa vita iliyomwua ilipiganwa katika ardhi yetu. Namtaja leo kwa sababu kumbukumbu yake inatuuliza swali zito.

Morkel alizaliwa mwaka 1890 huko Somerset West, karibu na Cape Town. Katika ziara ya Ulaya ya 1912–13 alicheza mechi zote tano za kimataifa, na Afrika Kusini ikashinda zote: Scotland 16–0, Ireland 38–0, Wales 3–0, Uingereza 9–3 na Ufaransa 38–5. Hakuvaa tena jezi ya taifa. Vita Kuu ilipozuka alijiunga na askari wapanda farasi, akaletwa Afrika Mashariki chini ya Jenerali Van Deventer. Mei 1916 alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu, akiwa na umri wa miaka 25.

Sasa tugeukie Salale. Tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, ilishambuliwa na Waingereza, kisha ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu, kupitia matope na mchanga, hadi Dar es Salaam. Mmoja ulifikishwa Kondoa Irangi, ukawafyatulia askari wa Van Deventer, mwezi uleule aliofariki Morkel.

Nani aliyeivuta? Hapo daftari linanyamaza. Tunajua kipenyo cha mzinga, tunajua jina la nahodha wa meli, tunajua hata matokeo ya mechi iliyochezwa Bordeaux. Majina ya waliotia mabega kwenye kamba hatuyajui.

Simwonei kijicho Morkel. Kijana yule alistahili kukumbukwa, na ugonjwa uliomwua uliwaangamiza pia wapagazi kwa maelfu. Kuhara damu hakukubagua rangi. Aliyebagua ni mwandishi wa orodha. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuenziwa kwa majina yao au hawakuenziwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Lakini radhi hiyo iliwahusu waliotumikia upande wa Waingereza. Waliovuta mizinga ya Königsberg walitumikishwa na Wajerumani. Hao wamebaki katikati: hakuna dola inayowadai kuwa wafu wake. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawaenzi wapagazi kwa ujumla wao, bila jina hata moja. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi, nasi tunalitamka kila siku tukienda sokoni bila kuwakumbuka.

Wapo watakaosema karne imepita, tuhangaikie barabara na zahanati. Nakubali kwamba barabara na zahanati ni haki ya watu wa delta. Hata hivyo, kuandika majina hakuhitaji bajeti ya barabara. Nasaba za Warufiji zimehifadhiwa vichwani mwa wazee, na wazee hao wanapungua. Maofisa utamaduni wa Kibiti wanaweza kuanza na daftari moja katika kila kijiji. Wanafunzi wa historia wanaweza kurekodi simulizi wakati wa likizo, na Nyaraka za Taifa zikazitunza.

Siku tutakapoweka kibao cha watalii Salale, nisingependa kiandikwe jina la meli pekee. Atakayempa Mrufiji wa 1915 jina lake si Berlin wala London. Ni sisi.