Igeuze picha ile ya kale, uisome mgongoni

Ndugu msomaji, sina shaka kwamba nyumbani kwenu, au kwa nyanya yako mashambani, kuna picha ambayo kila mtu ameiona lakini hakuna awezaye kukutajia waliomo. Ukiuliza, unaambiwa, "Hao ni watu wa zamani," na mazungumzo yanakomea hapo. Leo nakusimulia ya kwetu, kisha nawe ukaitafute ya kwenu mapema.

Nyanya alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya vitambaa alivyofuma kwa mkono, palikuwa na postikadi iliyochakaa pembe. Upande mmoja ulikuwa na picha. Babu, angali kijana, ameketi kitini akiwa na koti lake. Kando yake amesimama mwanamke aliyempakata mtoto mchanga. Mwanamke huyo hakuwa nyanya.

Huenda vijana hawajui kwamba zamani mtu aliyepigwa picha studio aliweza kusafishiwa picha hiyo kwenye karatasi ngumu ya postikadi. Nyuma palikuwa na mstari katikati: kushoto pa ujumbe, kulia pa anwani na stempu. Aidha, mwenye picha aliweza kutolewa nakala kadhaa, moja akabaki nayo na nyingine akawatumia jamaa. Likumbuke hilo la nakala, maana litatufaa mbele.

Nyuma ya postikadi yetu babu alikuwa amemwandikia baba yake maneno machache: sisi tu wazima, mtoto atabatizwa Pasaka. Muhuri wa posta ulisomeka Mombasa, ila mahali pa mwaka palikuwa pamefutika.

Je, mwaka utaupataje pasipo tarehe? Tulitwaa lenzi tukaanza upelelezi. Stempu ilikuwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na kichwa cha Mfalme George wa Sita. Mfalme huyo alitawazwa baada ya nduguye kujiuzulu Desemba 1936, kwa hivyo postikadi haikutumwa kabla ya hapo. Kisha tukaiona kamba shingoni mwa babu, na kijisanduku kidogo cha chuma kifuani. Kumbe ni kipande! Waafrika wanaume walilazimishwa na serikali ya kikoloni kukibeba tangu mwanzo wa miaka ya 1920 hadi miishoni mwa miaka ya 1940. Basi ile miaka mia ya kubahatisha ikapungua ikawa kama kumi hivi.

Lakini stempu haiwezi kukutajia jina la mtu. Nikafunga safari kwa shangazi yangu mkubwa, ambaye amepita miaka 80. Nilipompa ile picha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Mwanangu, hili mama hakutaka litajwe humu nyumbani."

Sikumharakisha. Nilimuuliza tu babu alikuwa akifanya kazi wapi huko Mombasa, na chai ikiwa bado moto yakaanza kutoka. Yule mwanamke alikuwa mke wa kwanza wa babu. Alifariki mtoto akiwa bado kunyonya, na mtoto akaachwa kwa bibi yake mzaa mama. Babu akahamishwa kikazi, akamwoa nyanya, barua zikakatika. Shangazi hakulijua jina la mtoto. Alijua tu kwamba alikuwa mvulana, na kwamba ni ndugu yake.

Tukalishika lile neno Pasaka. Katika kanisa moja la zamani Mombasa, karani wa parokia alikubali kutufungulia vitabu vya ubatizo, akizipekua Pasaka mwaka baada ya mwaka kuanzia 1937. Katika ile ya 1941 jina la babu likajitokeza, na la mkewe, na la mtoto, na la msimamizi wake wa ubatizo. Ukoo wa msimamizi huyo bado unasali papo hapo. Kufikia jioni tulikuwa tumeelekezwa nyumba.

Ukutani sebuleni palitundikwa picha ile ile, katika fremu. Nakala ya pili! Binti wa mwenye nyumba aliitoa akaigeuza, na nyuma, kwa penseli, yalikuwapo majina ya wote watatu. Yetu ilikuwa na habari bila majina, yao ilikuwa na majina bila habari.

Lakini yule mtoto mchanga hatukumkuta. Alizikwa miaka minne kabla ya safari yetu. Binti yake alituambia kwamba maisha yake yote aliulizia watu wa baba yake wanatoka wapi, na hakuna aliyeweza kumjibu. Miaka minne, msomaji! Na postikadi ilikuwa sandukuni siku zote hizo. Hata hivyo, nyanya aliyekataza jambo hilo kutajwa hakuwahi kuichana.

Nakuomba basi, wiki hii igeuze picha ya kwenu. Ipige picha kwa simu pande zote mbili. Mpelekee mzee aliyebaki, ukae naye, usimhoji kama askari. Muulize waliishi wapi, nani alikuwa jirani, nguo ile ilishonwa na nani. Majina yatafuata yenyewe. Andika nyuma kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino: nani yuko kushoto, nani kulia, wapi, lini. Usibandue stempu. Na ukigundua siri, usikimbilie kuisambaza kwa kila mtu kabla hujapata idhini ya wenye siri yao. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao huondoka.

Jioni ile nilimpigia shangazi simu nikampa yule binti. Alimwita "shangazi" mara moja tu, na kwa dakika nzima hakuna aliyeweza kuongea upande wowote. Siku hizi huzungumza kila Jumapili baada ya ibada, na mimi nikipiga saa hiyo nakuta laini ina mtu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.