Kadena Mbili kwa Telefone Moja

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mtaniuliza: huyu msaidizi wa muganga anatafuta nini katika mambo ya telefone? Aongee juu ya malaria na vumbi! Lakini niliyoyaona dispensari ndiyo yananifanya niandike.

Baba mmoja alifika asubuhi, kichwa kinamuuma, hajalala siku mbili. Nilimpima, presha iko juu sana. Mtu alimpigia telefone akijidai ni wa biro ya mishahara: "Baba, utapata mesaji yenye namba 6, unisomee upesi." Akasoma. Kumbe ndiyo namba ya kufungua WhatsApp yake kwa telefone nyingine. Jioni rafiki zake wakaandikiwa, kwa jina lake, kwamba mtoto amelazwa na feza inatakiwa. Wawili walituma. Baba alingoja siku 7 kuirudisha WhatsApp, kwani mwizi alikuwa amekwisha kuwasha ulinzi wa pili, ule ambao mwenyewe hakuuwasha.

Kazini tunajua jambo hili vizuri. Fundi akitaka kutengeneza konveya anakata umeme, anatia kadena yake juu ya swichi, ufunguo anaweka mfukoni. Wakiwa watatu, kadena ni tatu, na mashini haiwaki mpaka ya mwisho itoke. Hata shefu haombi ufunguo ule. Basi kwa nini namba 6 umsomee mtu usiyemwona uso?

M-Pesa, iliyoanza kwetu Kongo mwaka 2012, ilitufundisha zamani: lazima ushike telefone, tena ujue namba ya siri. Mwizi wa telefone tu analala njaa. WhatsApp ilitupa sote kadena ya pili mwaka 2017, lakini haijifungi yenyewe. Ingia Paramètres, kisha Compte, kisha Vérification en deux étapes. Chagua namba 6. Usitie mwaka wa kuzaliwa, wala matrikule, ambayo kikosi kizima kinaijua! Tia na adresi ya imeli, ikusaidie siku utakaposahau.

Facebook na imeli nazo zina ulinzi huo. Huko ni afadhali programu kama Google Authenticator kuliko mesaji, sababu mwizi anaweza kuhamisha namba yako ya telefone juu ya karta nyingine na kupokea mesaji zako. Namba za programu hiyo zinageuka kila sekunde 30, na zinatoka hata pasipo rezo.

Wanaume wengine wanasema mambo haya yasimfikie bibi. Mimi nakataa kabisa. Wewe uko chini ya udongo, telefone iko nyumbani, mwizi anaita saa nne ya asubuhi: nani atajibu? Mama asiyeelezwa atasoma ile namba kwa heshima, akifikiri anasaidia kompani. Mweleze leo, mbele ya watoto, kwani wao ndio wanaoshika telefone kuliko sisi.

Na delege wa usalama, anayetazama kofia na viatu kila asubuhi, aulize pia habari hii juma la mshahara. Dakika tano zinatosha.

Asiyeelewa maneno ya Kifaransa alete telefone dispensari baada ya saa ya sindano. Nitamwonyesha mahali pa kubonyeza. Namba yenyewe ataandika peke yake, mimi nitaangalia dirishani.