Tundu la Hewa si Ufa



Masika yamekwisha, na udongo ulio chini ya mifereji ya nyua zetu ungali laini. Atazamaye kwa makini saa za asubuhi ataona nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi na miguu yenye manjano, akitua ukingoni mwa maji, akifinyanga tonge dogo la udongo kwa kinywa chake, kisha akiruka nalo. Hatumshangai, kwani tumekua naye. Vijumba vyake tumeviona nyuma ya milango, juu ya fremu za picha, hata migongoni mwa vitabu vilivyokaa bila kusomwa. Leo twataka kuzungumza na aila zetu juu ya mahali anapopenda kujenga nasi hatupaangalii: matundu ya nje ya vyombo vya nyumbani, yaani dohani ya hita ya gesi, bomba la maji ya kiyoyozi, bomba la moshi la jenereta, na matundu ya vyombo vilivyomo katika magari ya kambi, kwa wale walio nayo.

Nyigu huyu hana kundi. Jike hujenga peke yake. Kila chumba cha udongo hukijaza buibui aliowachoma mwiba wakapooza bila ya kufa, akataga yai moja, kisha akaziba mlango. Yai likianguliwa, funza hukuta akiba yake tayari, na baada ya muda nyigu mpya hutoboa ukuta akatoka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mfinyanzi huyu hali chochote katika ghala lile, lote ni la mtoto ambaye huenda asimwone kamwe. Hana ugomvi na mtu, na ni nadra kuchoma asipobanwa. Wapo jamaa zake wengine ambao hawajengi ukutani, bali hutafuta tundu lililo tayari, likiwa pana kama kidole au jembamba kama penseli, wakalijaza na kulikandika udongo mlangoni. Kwao bomba ni neema iliyoshuka. Buibui nao huingia humo humo, na utando wao hukusanya vumbi mpaka ukawa kama pamba.

Katika bomba la kiyoyozi hasara yake ni ya mali. Maji yaliyokuwa yakidondoka nje hurudi ndani, ukuta ukavimba, rangi ikabambuka, na fundi akaitwa kujaza gesi ambayo haikupungua. Katika hita ya gesi hasara ni nyingine kabisa.

Gesi ya mtungi haiungui peke yake. Huungua pamoja na hewa. Hewa ikitosha, mwale ni wa buluu na haupepesuki. Hewa ikipungua kwa kuwa tundu limekandikwa udongo, mwale hugeuka manjano, masizi huanza kuchora ukuta, na hapo huzaliwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu akawa anavuta pumzi kama kawaida ilhali mwili wake hauna hewa. Wengi wetu twategemea pua. Twasahau kwamba gesi ya mtungi tunaisikia kwa sababu imetiwa harufu kusudi, ili tujue ikivuja. Hii nyingine hakuna aliyeitia harufu.

Dalili zake ndizo zinazotupoteza. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, mwili hulegea. Huku kwetu mambo hayo yakikutana husemwa ni malaria, au ni joto, na mwezi wa Ramadhani husemwa ni saumu. Basi ziko alama za kutofautisha. Malaria haiwashiki watu watatu wa nyumba moja kwa saa moja, wala haipungui mtu akitoka kukaa barazani na kurudi akiingia ndani. Ikiwa mama, mtoto na mgeni wote wanaumwa na kichwa baada ya watu kuoga, na wote wakapata nafuu uani, yapasa kuzima gesi kabla ya kutafuta dawa, kisha kwenda hospitali na kumweleza daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna hita ya gesi, kwani asipoambiwa huenda asiulize.

Huenda msomaji akaona tunamkuza mdudu. Tumkumbushe yaliyotokea tarehe 6 Februari 1996, ndege aina ya Boeing 757 ilipoanguka baharini dakika chache baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Ndege ile ilikuwa imekaa chini siku nyingi bila ya kuruka. Kipimo cha mwendo kilimdanganya rubani, na wachunguzi waliona kuwa chanzo chenye uwezekano mkubwa ni kijibomba chembamba cha kupimia hewa kilichozibwa na nyigu wa udongo. Ndiyo maana ndege inayolazwa uwanjani huvishwa vifuniko katika vijibomba hivyo, kila kifuniko kikiwa na utepe mwekundu mrefu, ili pasiwe na mtu atakayesema hakukiona. Utepe huo tutaurudia, kwani una faida hata kwa nyumba isiyo na mbawa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu kuliko nyigu mwenyewe, nalo ni dawa tunazomfanyia. Tumezoea kuambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo ni la haki kwa ufa. Lakini si kila tundu ni ufa. Tumeona nyumba, tena za watu wenye elimu, ambazo matundu ya hewa juu ya madirisha yamejazwa matambara na mifuko ya plastiki kuzuia mbu na popo, na dohani ya hita imesokomezwa gunia kwa sababu ya nyigu. Mwenye kuziba hivyo humaliza kwa siku moja kazi ambayo nyigu angeifanya kwa wiki nzima. Na nyumba hiyo hiyo, mvua ikinyesha, jiko la makaa huingizwa ndani likawekwa ukumbini. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, yasiyotoa moshi hata chembe, hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Mtu huona hayana moshi akadhani hayana dhara.

Njia iliyo sawa ni wavu, na wavu nao una elimu yake. Waya wa kawaida wa chuma haufai pwani. Chumvi ya upepo wa bahari huula upesi, na kutu yake huanguka ndani ya bomba. Ununuliwe wavu wa chuma kisichoshika kutu. Wavu wa plastiki usikaribie kabisa mahali penye joto. Matundu yake yawe ya kiasi cha milimita tatu hivi: yakiwa mapana zaidi nyigu wembamba watapita, na yakiwa madogo kama ya wavu wa mbu yatashika vumbi na nyuzi za nguo mpaka wavu wenyewe ukawa ndio kizibo. Ufungwe kwa parafujo, usigandishwe kwa gundi wala saruji, ili uweze kufunguliwa na kupigwa brashi. Mwisho wa bomba la kiyoyozi kipande kidogo kilichokazwa kwa waya chatosha. Bomba la kutolea maji ya tangi yanapofurika ndilo pekee linalofaa wavu mwembamba wa mbu, kwani humo hapaungui kitu, na Mombasa haijasahau homa ya dengi.

Ama tundu linalotoa moshi wa moto, hapo twaomba msomaji asikimbilie wavu. Watengenezaji wa baadhi ya hita hukataza kuweka chochote mbele ya dohani, kwa sababu hata wavu mzuri hupunguza mwendo wa hewa, na hita imepimwa kwa hewa kamili. Kitabu kilichokuja na chombo ndicho hakimu. Kama kimepotea, aulizwe fundi wa gesi, wala si fundi wa mabati. Na hita ya gesi isiyokuwa na dohani ya kutoka nje haina mahali bafuni, wavu uwepo au usiwepo.

Wenye magari ya kambi, yaani yale yenye kitanda, jiko na friji ndani, wana matundu mengi zaidi, na magari hayo hukaa muda mrefu bila ya kutumika. Nyingi ya friji zao hufanya kazi kwa mwale mdogo wa gesi, na nyuma yake ubavuni mwa gari kuna vifuniko viwili vyenye mianya, cha chini cha kuingiza hewa na cha juu cha kutoa joto. Hita ya maji na ya kupasha chumba nazo zina matundu yao. Gari likilala uani tangu masika mpaka likizo ya Agosti, nyigu amepata mtaa mzima wa kukodi bure. Huko Marekani, ambako magari haya ni mengi mno, nyavu za kila tundu huuzwa zikiwa zimekwisha kukatwa kwa kipimo. Hapa fundi hodari aweza kuzikata, kwa sharti lile lile la dohani. Na kwa tundu lisiloruhusu wavu, ndipo utepe wa ndege unapokuja: lifunikwe kwa kifuniko cha kitambaa wakati gari limelala, kiwe na utepe mwekundu wa kiasi cha dhiraa moja, na mtungi wa gesi ufungwe siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba anayesafiri miezi mitatu kwenda Ughaibuni afanye vivyo hivyo kwa hita yake, na utepe wa pili aufunge kwenye kiwashio cha ndani, ili atakayeingia kabla yake aulize.

Kijumba kikiwa kimekwisha kujengwa, gesi ifungwe kwanza na chombo kiachwe kipoe. Udongo uvunjwe kwa kijiti au bisibisi kwa kuuvuta nje, usisukumwe ndani, na usimwagiwe maji ukawa tope katika kichomeo. Kijumba chenye vitundu kimekwisha kuhamwa. Kisichokuwa na kitundu kina kiumbe. Vyote viondolewe, kwa kuwa vya zamani huwa makao ya wadudu wengine. Ukikuta kiota chepesi kama karatasi, chenye vishimo vingi na nyigu wengi juu yake, hao ni wa kundi na hawana subira ya yule mfinyanzi. Aitwe mtu mwenye vazi na ujuzi, hasa ikiwa nyumbani yuko aliyewahi kuvimba uso au kubanwa na pumzi kwa kuumwa na nyuki.

Wapo wanaotumia mwenge wa gazeti. Mtume (s.a.w.) alikataza viumbe kuadhibiwa kwa moto, na wanazuoni hutaja kisa cha kichuguu kilichochomwa. Kwetu sisi wenye mitungi, katazo hilo lina hekima ya pili isiyohitaji kufafanuliwa. Dawa ya kupuliza nayo huwa na gesi inayoshika moto. Isipulizwe karibu na mwale, hata ule mdogo wa kuwashia.

Limebaki jambo moja ambalo twalisema kwa uzito. Katika nyumba nyingi hita hutundikwa ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo ndipo kilipo chumba cha dada wa kazi, au stoo aliyotandikiwa kijana aliyekuja kusoma kutoka bara. Tundu likizibika, hewa mbaya haimfikii kwanza aliyenunua hita. Humfikia yule ambaye akilalamika kichwa asubuhi huambiwa ni mvivu. Amri ya Mtume (s.a.w.) ya kutoacha moto unawaka majumbani tunapolala ni ya watu wote wa nyumba, na aliyelala stoo ni mmoja wao. Vivyo hivyo wenye majumba ya kupangisha: wavu wa chuma kizuri na kazi ya fundi havifikii kodi ya mwezi, na mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta usio wake. Tumeletewa malalamiko ya wapangaji waliojibiwa kwamba nyigu ni wao, wamtoe wenyewe. Nyigu, tusemavyo, ni wa aliyejenga tundu.

Zipo kengele ndogo za betri zinazolia kaboni monoksaidi ikizidi, na mwenye hita ya gesi ndani ya nyumba anunue moja kabla ya kununua pazia jipya. Itundikwe mahali wanapolala watu, na kitufe cha kuijaribu kibonyezwe kila mwezi. Jumamosi hii, baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, mmoja wa aila achukue tochi azunguke nyumba kwa nje, amulike kila bomba na kila tundu, pamoja na ukuta wa nyuma. Akiona masizi kandokando ya dohani, au aliye ndani akiona mwale wa manjano, au hita ikiwaka kwa mshindo, mtungi ufungwe, madirisha yafunguliwe, watu watoke, na maji ya kuoga ya usiku huo yachemshwe uani mpaka fundi aje.